Mwanga wa Buluu na Ubishi wa Fuwele: Kazi ya Isamu Akasaki katika Chuo Kikuu cha Nagoya



Taa inayouzwa madukani kwa jina la LED ni punje ya semikondakta ambayo mara nyingi haifikii upana wa milimita moja. Ikipitishiwa umeme hutoa mwanga bila waya kupashwa moto hadi ung'ae, na bila gesi kuchochewa ndani ya bomba. Elimu ya kuzalisha, kuongoza na kupokea mwanga huitwa fotoniki. Tawi lake linaloshughulika na semikondakta, pale umeme unapogeuzwa kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, ni optoelektroniki. Tawi hili si geni Afrika Mashariki: tangu mwaka 2009 mkongo wa TEAMS umekuwa ukipeleka mawasiliano kati ya Mombasa na Fujairah kwa mwanga wa leza usioonekana kwa macho.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza kazi ya mtafiti mmoja wa chuo kikuu, Profesa Isamu Akasaki wa Nagoya, Japani, pamoja na wanafunzi wake, ambao walifungua njia ya kupata mwanga wa buluu kutoka kwenye semikondakta. Dai la mhadhara ni kwamba nadharia ya mwanga huo ilikuwapo mapema. Kilichouchelewesha kwa takriban miaka thelathini ni fuwele iliyokataa kukua vizuri. Hoja ni tano. Ya tatu na ya nne zitachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndizo zenye kazi ya mikono.

Hoja ya kwanza: rangi ya mwanga iko ndani ya malighafi

Katika semikondakta, elektroni huwa na ngazi mbili za nishati zilizotenganishwa na pengo. Elektroni iliyo ngazi ya juu ikishuka na kujaza nafasi tupu iliyo chini, nishati inayobaki hutoka kama chembe moja ya mwanga, yaani fotoni. Pengo likiwa jembamba, mwanga huelekea nyekundu na hata kutoonekana kabisa. Likiwa pana, huelekea buluu na urujuani. Hesabu yake ni fupi: 1,240 ikigawanywa kwa pengo lililopimwa kwa elektronivolti, jibu ni urefu wa wimbi kwa nanomita. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 unahitaji pengo la takriban 1.9. Wa buluu, wenye nanomita 450, unahitaji karibu 2.8.

Kwa hiyo rangi haibadilishwi kwa kuongeza umeme. Anayetaka rangi nyingine hana budi kutafuta malighafi nyingine.

Ili mteremko huo wa elektroni utokee kwa wingi, fuwele moja inapaswa kuwa na pande mbili zinazogusana. Upande mmoja, unaoitwa n, una elektroni za ziada. Upande wa pili, unaoitwa p, una nafasi tupu ambazo wanafizikia huziita matundu. Umeme huzisukuma elektroni na matundu zikutane mpakani, na hapo ndipo mwanga huzaliwa. Msikilizaji aombwe kuushika upande wa p, maana ndio uliowatoa watafiti jasho.

Mwanga wa namna hii uliripotiwa na Mwingereza Henry Joseph Round mwaka 1907, alipogusisha umeme kwenye kipande cha silikoni kabaidi. Katika miaka ya 1920 Oleg Losev wa Urusi aliuchunguza kwa kina kuliko yeyote wa wakati wake, kisha akafariki mwaka 1942 Leningrad ilipokuwa imezingirwa. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa katika kampuni ya General Electric huko Syracuse, Marekani, alitengeneza diodi (LED) nyekundu kwa mchanganyiko wa galiamu, aseniki na fosforasi. Muda si mrefu alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, na mwanafunzi wake George Craford akaileta ya njano mwaka 1972. Taa nyekundu za redio na tarakimu za kikokotoo cha zamani zilitokana na kazi hiyo. Buluu haikuwapo, na bila buluu hakuna nyeupe.

Hoja ya pili: malighafi iliyofaa ilijulikana, lakini iliachwa

Galiamu naitraidi ina pengo la takriban 3.4, ambalo ni pana hata kupita buluu. Ikichanganywa na indiamu kidogo, pengo hupungua hadi mahali panapotakiwa. Hili halikuwa siri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maabara za RCA huko Princeton, Marekani, zilifanikiwa kukuza utando wa fuwele hiyo, na mwaka 1971 Jacques Pankove na wenzake walionyesha diodi yake ikiwaka. Mwaka uliofuata Herbert Maruska alipata mwanga wa urujuani kwa kutumia magnesiamu. Lakini diodi hizo hazikuwa na upande wa p, kwa hiyo mwanga wake ulikuwa hafifu mno. Katikati ya muongo huo RCA iliachana na kazi hiyo.

Ugumu ulianzia kwenye asili ya kitu chenyewe. Silikoni huyeyushwa, kisha fuwele ndefu huvutwa polepole kutoka kwenye uji wake. Galiamu naitraidi haikubali kufanyiwa hivyo: kuyeyuka kwake kunahitaji zaidi ya nyuzijoto 2,200 za sentigredi na mgandamizo wa makumi ya maelfu ya mara ule wa hewa ya kawaida. Ikabidi ijengwe kutoka kwenye gesi, atomi juu ya atomi, juu ya bamba la kitu kingine. Bamba lililostahimili joto na gesi ya amonia lilikuwa la yakuti samawi, ambalo nafasi kati ya atomi zake hutofautiana na zile za galiamu naitraidi kwa takriban asilimia 16. Fuwele iliyokua juu yake ilijaa mikwaruzo na nyufa.

Watafiti wengi wakahamia zinki selenaidi, ambayo atomi zake zililingana vizuri na bamba linalopatikana kwa urahisi. Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Mwaka 1991 kampuni ya 3M ilitoa leza ya buluu-kijani kwa malighafi hiyo. Ila ilichakaa upesi, na tatizo la uchakavu halikutatuliwa hadi soko likaipita.

Hoja ya tatu: tabaka jembamba lililobadilisha mambo

Isamu Akasaki alizaliwa mwaka 1929 huko Chiran, mkoa wa Kagoshima, na kuhitimu Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1952. Alianza kuishughulikia galiamu naitraidi mwaka 1973, akiwa katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Matsushita. Mwaka 1981 alihamia Chuo Kikuu cha Nagoya kama profesa, na malighafi yake akaenda nayo. Mwaka 1982 kijana wa shahada ya kwanza, Hiroshi Amano, mzaliwa wa Hamamatsu, aliomba kufanya mradi katika maabara hiyo.

Fedha zilikuwa chache na mtambo wa kukuzia fuwele haukununuliwa; wanafunzi waliuunda wenyewe. Ndani ya bomba la kioo kigumu cha kwazi huwekwa bamba la yakuti juu ya kipande cha grafiti. Grafiti hupashwa moto kwa koili iliyozungushwa nje ya bomba, kisha gesi mbili huingizwa: moja yenye galiamu, nyingine amonia yenye naitrojeni. Zikifika kwenye bamba la moto huvunjika, na atomi zao hujipanga. Shida moja ilikuwa kwamba hewa ya moto hupanda na kuzitawanya gesi kabla hazijatua. Amano na wenzake waliongeza kasi ya gesi mara nyingi na kuliweka bamba kwa mshazari ili gesi zilipige moja kwa moja. Hata hivyo kilichotoka kilikuwa utando wenye ukungu, usio sawasawa, na kazi hiyo ilirudiwa zaidi ya mara 1,500.

Mwaka 1985 ilitokea siku ambayo tanuri liligoma kupanda hadi joto lake la kawaida la zaidi ya nyuzijoto 1,000. Kwa joto lile la chini galiamu naitraidi isingekua vizuri, lakini alumini naitraidi, ndugu yake mgumu, iliweza angalau kutandazwa. Ikatandazwa kiasi kidogo. Tanuri liliporejea hali yake, galiamu naitraidi ikakuzwa juu ya utando huo. Bamba lilipotolewa lilikuwa angavu kabisa, kiasi kwamba Amano alidhani amesahau kufungua gesi ya galiamu. Hadubini ilionyesha vingine: utando ulikuwapo, nao ulikuwa laini kama kioo cha dirisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986.

Sababu ilieleweka baadaye. Tabaka hilo la alumini naitraidi, lenye unene wa makumi machache ya nanomita, halikuwa fuwele nzuri. Lilikuwa limevurugika, na uvurugikaji huo ndio uliosaidia. Joto lilipopanda, chembe zake ndogondogo zilijielekeza upande mmoja, galiamu naitraidi ikaanza kukua kwenye vichwa vyake, kisha visiwa vya fuwele vikapanuka kwa ubavu hadi kukutana na kuwa uso mmoja. Mvutano kati ya yakuti na fuwele ukamezwa na tabaka la chini.

Hapa panahitaji tahadhari, hasa kwa wanafunzi. Hadithi ya tanuri bovu hupendwa na wasimuliaji, na kwa haraka huonekana kama bahati tupu. Bahati hiyo ilimwangukia mtu aliyekuwa na mamia ya vipande vibaya mezani, na aliyejua kwa nini aweke alumini naitraidi na si kitu kingine. Wazo la kutanguliza tabaka la kati lilikuwa tayari linajadiliwa katika maabara ya Akasaki. Tanuri zima lingechelewesha jaribio hilo. Vigumu kuamini kwamba lingelizuia.

Fuwele hiyo haikuwa safi hata baada ya hapo. Vipimo vya miaka ya 1990 viligundua kasoro za mpangilio wa atomi zinazofikia mabilioni kwa kila sentimita ya mraba. Diodi za galiamu asenaidi zenye sehemu ndogo tu ya kasoro hizo hufa. Ya galiamu naitraidi huwaka. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba, palipochanganywa indiamu, elektroni na matundu hunaswa katika vijishimo vidogo vya nishati kabla hazijafika kwenye kasoro. Mjadala juu ya undani wake bado unaendelea.

Hoja ya nne: upande wa p na haidrojeni iliyojificha

Fuwele nzuri ilipopatikana, ilibaki nusu ya kazi. Ili kupata matundu, atomi chache za galiamu hubadilishwa na atomi yenye elektroni moja pungufu, kama zinki au magnesiamu. Kwa miaka mingi atomi hizo ziliwekwa na matundu hayakuonekana. Wapo wanafizikia walioheshimika waliofikia kusema kwamba upande wa p hauwezekani katika malighafi hii.

Dalili ya kwanza ilitoka mahali pasipotarajiwa. Amano alipokuwa akichunguza galiamu naitraidi yenye zinki katika hadubini ya elektroni, aliona kwamba sehemu iliyopigwa na mwale wa elektroni iliendelea kung'aa zaidi kadiri muda ulivyopita. Mwale uliokusudiwa kutazama tu ulikuwa ukibadilisha kitu ndani ya fuwele. Zinki haikutoa matundu. Alipohamia kwenye magnesiamu, ambayo huachia matundu kwa nishati ndogo zaidi, na kuipiga kwa mwale uleule, vipimo vilionyesha upande wa p. Mwaka 1989 Nagoya ikachapisha diodi kamili ya galiamu naitraidi yenye pande zote mbili.

Kwa nini mwale ulifaulu? Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa chuoni. Shuji Nakamura, mzaliwa wa mkoa wa Ehime, alikuwa mhandisi wa Nichia, kampuni ya kemikali katika mkoa wa Tokushima. Mwaka 1992 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwale hauhitajiki: inatosha kuipasha fuwele zaidi ya nyuzijoto 700 ndani ya gesi ya naitrojeni. Kisha wakafanya jaribio ambalo kwa uzuri wake linastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia. Waliichukua fuwele ileile iliyokwisha kuwa ya p, wakaipasha tena, safari hii ndani ya amonia, na upande wa p ukapotea. Waliporudisha naitrojeni, ukarudi.

Tofauti ya gesi hizo mbili ni haidrojeni. Amonia inayo; naitrojeni tupu haina. Wakati wa kukuza fuwele, haidrojeni kutoka kwenye amonia ilijipenyeza na kushikamana na magnesiamu, ikaizuia kutoa tundu. Mwale wa elektroni ulikuwa ukiuvunja mshikamano huo, na joto nalo huuvunja, kwa gharama ndogo na kwa bamba zima kwa wakati mmoja. Kumbe watafiti wa awali waliweka magnesiamu ipasavyo, na gesi yao wenyewe ikawa inaifunga.

Hoja ya tano: njia kutoka maabara hadi nyumbani

Mwishoni mwa mwaka 1993 Nichia ilitangaza diodi ya buluu yenye nguvu ya zaidi ya kandela moja. Diodi za buluu zilizokuwa sokoni wakati huo, za silikoni kabaidi, ziligeuza kuwa mwanga takriban asilimia 0.03 tu ya umeme. Kampuni ya Toyoda Gosei, iliyokuwa ikishirikiana na Akasaki tangu miaka ya 1980, nayo iliingiza diodi zake sokoni. Mwaka 1996 ikaja taa nyeupe: punje ya buluu iliyofunikwa kwa unga unaomeza sehemu ya buluu na kuitoa kama njano, jicho likapokea vyote viwili kama nyeupe. Leza ya urujuani ya nanomita 405 ikafuata, ndiyo isomayo diski za Blu-ray.

Mgawanyo wa mapato ni sura yake yenyewe. Nakamura alimshtaki mwajiri wake wa zamani, Nichia. Mahakama ya Tokyo mwaka 2004 ilimpa yeni bilioni 20, na mwaka 2005 pande mbili zikapatana kwa takriban yeni milioni 840. Nagoya ilipokea mrabaha wa hataza za Akasaki na kujenga kwa fedha hizo jengo la utafiti lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 2006. Wote watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Akasaki alifariki mwaka 2021.

Takwimu zilizotolewa na kamati ya Nobel mwaka 2014 zinaeleza mengi. Balbu ya waya hutoa takriban lumeni 16 kwa kila wati, taa ya fluoresenti karibu 70, na LED bora ya wakati ule kidogo zaidi ya 300. Taa ya mafuta hutoa takriban lumeni 0.1 kwa wati. Tarakimu hiyo ya mwisho inawahusu moja kwa moja waliosomea kwenye kibatari, au koroboi kama iitwavyo Kenya.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba taa ya sola ya kijijini haikuwezeshwa na paneli peke yake. Balbu ya wati 60 ingetaka paneli kubwa na betri ya gari. Mwanga wa kutosha kusomea ukipatikana kwa wati moja au mbili, paneli inakuwa ya kubebwa mkononi, betri inalingana na ya simu, na bei inafikia mahali inapoweza kulipwa kwa awamu kwa simu, kama ilivyofanywa na M-KOPA nchini Kenya tangu mwaka 2012. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, waliozoea kuwasha karabai na kununua mafuta ya taa kila usiku, wengi wao sasa hutumia taa za LED zenye betri. Dagaa hufuata mwanga. Hawaulizi umetoka wapi.

Yaliyo mbele

Kazi haijafungwa, na mahali inapoendelea panajulikana. Kwanza ni rangi ya kijani. Ili kuifikia, indiamu lazima iongezwe, na kadiri inavyoongezwa fuwele huvutana na mwanga hupungua, hivyo diodi ya kijani bado iko nyuma ya ile ya buluu na ile nyekundu kwa ufanisi. Pili ni umeme wenyewe: galiamu naitraidi huhimili volti kubwa na huzima na kuwaka kwa kasi, ndiyo maana imeingia katika chaja ndogo za simu, na Amano sasa anaiendeleza Nagoya kwa ajili ya magari na gridi. Tatu ni kuondolewa kwa zebaki iliyomo katika taa za fluoresenti. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zimekubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya taa za bomba za fluoresenti kufikia mwisho wa mwaka 2027, na Kanda ya Afrika ilikuwa mstari wa mbele kupeleka pendekezo hilo.

La nne ndilo gumu zaidi. Alumini ikiingizwa mahali pa indiamu, pengo hupanuka na mwanga husogea hadi karibu nanomita 265, mahali ambapo miali ya urujuanimno huharibu vinasaba vya bakteria na virusi. Taa ya aina hiyo ingeweza kusafisha maji ya kisima kwa betri na paneli, bila klorini na bila zebaki. Diodi za namna hiyo zipo na zinauzwa, lakini sehemu kubwa ya umeme wake bado hupotea kama joto. Alumini inapozidi, magnesiamu hushikilia matundu yake kwa nguvu zaidi na upande wa p hudhoofika. Nalo bamba la yakuti haliendani vyema na fuwele iliyo juu yake. Maabara za Nagoya, za Chuo Kikuu cha Meijo ambako Akasaki alihamia mwaka 1992, na nyingine nyingi duniani zinashughulikia mambo hayo mawili, zikijaribu mabamba ya alumini naitraidi tupu na njia mpya za kupanga matabaka ya upande wa p.